Kengele ya Bweni Haifunzi Bidii

Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi wa Kenya lilipoingia Gredi ya 10, stendi za magari za Nakuru, Kisumu na Kakamega zilijaa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kamba na wazazi walioshika orodha za mahitaji. Katika pilkapilka hizo kauli moja ilikuwa midomoni mwa wengi: "Acha aende, huko watamnyoosha." Nyuma ya kauli hiyo kuna hesabu. Chini ya mfumo wa 8-4-4 mtoto aliaga kwao baada ya Darasa la 8. Sasa anasomea katika uwanja uleule wa shule ya msingi hadi Gredi ya 9, yaani analala kwa wazazi wake mwaka mmoja zaidi, na wengi wamekwisha kuamua kwamba mwaka huo ndio uliomharibu. Simu, sofa, usingizi hadi jua lipande. Dawa yake, wanasema, ni bweni na kengele ya saa kumi na nusu alfajiri.

Naona mabadiliko hayo yamesomwa kichwa chini miguu juu. Bidii ya kazi ni ufundi kama useremala, na mtoto huupata akiwa ubavuni mwa mtu mzima ambaye kazi ikiharibika ni yeye anayekula hasara. Huupata upesi zaidi akigawiwa uamuzi pamoja na jasho. Mwaka ule wa ziada nyumbani ulikuwa nafasi, na nyumba nyingi zimeuacha ukapita kama gari lisilosimama. Bweni linaweza kumpa mtoto hesabu, fizikia na marafiki wa maisha, ila hili halimo katika mzigo wake. Mwanafunzi anayeamshwa kwa kengele miaka mitatu ya sekondari ya juu hajajifunza kuamka, amejifunza kungoja kengele. Ndiyo sababu wiki ya kwanza ya likizo analala hadi saa nne, na mzazi aliyelipa karo anashangaa pesa zilikwenda wapi.

Ng'ombe hana kengele. Tuanze naye, kwa kuwa kuanzia Njoro hadi Bahati, Nakuru, hakuna darasa la bidii lililo wazi kama boma la alfajiri. Ng'ombe hukamwa mara mbili kwa siku, na kadiri vipindi vinavyokaribia kuachana saa 12 ndivyo maziwa yanavyokuwa ya kutegemewa. Aliyekama saa kumi na moja alfajiri atarudi pale saa kumi na moja jioni, awe na harusi au matanga. Kabla ya kukalia kigoda ananawa mikono kwa sabuni, anaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake. Michirizi miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu haiingii ndooni. Hukamuliwa kwenye kikombe cheusi ili mabonge au damu, dalili za ugonjwa wa kiwele, vionekane wazi juu ya weusi ule, na ng'ombe aliyeonyesha dalili hukamwa wa mwisho. Kule kuosha ndiko kunakomwambia ng'ombe aachie maziwa, naye huyaachia kwa dakika tano hadi saba hivi. Ukizimaliza dakika hizo ukijibu simu, yanayobaki ndani hupunguza mavuno ya kesho na kufungulia ugonjwa mlango. Vidole hubana kuanzia juu, cha shahada kikitangulia na vingine vikifuata. Anayevuta chuchu kama anayevuta ndoo kisimani humuumiza ng'ombe, na ng'ombe aliyeumia huipiga ndoo teke. Halafu chuchu huchovywa dawa, maziwa huchujwa, hutiwa kwenye mkebe wa alumini badala ya mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, na hufika kituoni ndani ya saa mbili, kabla hayajaanza kuchacha.

Mtoto anayesimama hapo kila siku anaona mambo manne yakiwa yamefungwa kitita kimoja: wakati, mpangilio, ukaguzi na matokeo. Hakuna anayemhutubia. Kule kituoni anaona mpimaji akitumbukiza lactometa, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, anajua kwamba maziwa halisi husoma kati ya 28 na 32, na kwamba yaliyotiwa maji hushuka chini ya hapo mbele ya foleni nzima ya majirani. Kuna somo zito kuliko hilo. Ng'ombe akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, na mara nyingi ni siku tatu au zaidi. Mzazi anayeyamwaga huku mtoto akitazama, ilhali deni la dukani linasubiri, amemfunza kazi ni nini kwa namna ambayo mawaidha ya mwaka mzima hayawezi. Anayeyachanganya na ya ng'ombe wa pili akayapeleka kituoni amefunza pia, na somo lake litashika vilevile. Ndiyo maana siwaelewi wanaopima bidii kwa wingi wa jasho. Mwenye jasho jingi anaweza kuwa mwizi hodari.

Sasa mtoto aanzie wapi? Wengi humwanzishia kwa kazi ambayo wao wenyewe hawaipendi, kama kuzoa samadi au kuchota maji, kisha humwacha hapo miaka sita. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi wa cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, alikuta mpangilio wa busara zaidi. Mwanagenzi huko aliianza kazi kutoka mwisho wake: kwanza vifungo na pindo, baadaye kuunganisha vipande, na mwisho kabisa kukata kitambaa. Pindo lililokwenda upande hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ni pesa iliyokwisha kupotea. Tena, anayeanzia mwishoni huwa ameishika nguo kamili mkononi, kwa hiyo anapofika kwenye mkasi anajua anakwenda wapi. Aliyewahi kukaa na mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, hatauona mpangilio huo kuwa mgeni.

Uhamishie bomani. Mtoto wa miaka saba au minane aanze na mkebe: ausugue kwa maji ya moto na sabuni, ausuuze, auinamishe ukauke bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Kisha afuatane na mzazi kituoni, maana ni kule atakaposikia maziwa ya mtu yakikataliwa kwa ajili ya mkebe mchafu, na kuanzia siku hiyo hahitaji kuambiwa kwa nini anasugua. Baadaye apewe vitambaa na kikombe cheusi, awe yeye anayesema, "Huyu ana mabonge." Huo tayari ni uamuzi, na maneno yake yanabadilisha kinachofanyika asubuhi ile. Mikono ianze kukama kwa ng'ombe mpole aliyekaribia kukauka, asiyetoa mengi. Mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza bado anaogopa hata kivuli, si wa kumfundishia mtu. Mwisho ni daftari: lita za kila ng'ombe asubuhi na jioni, chakula kilichonunuliwa, dawa, na salio. Kijana anayeandika daftari hilo ndiye anayestahili kuulizwa ndama yupi auzwe.

Kosa kubwa hutokea mikono inapoanza. Mtoto ni mzito, dakika za ng'ombe zinayoyoma, mzazi anasema "Toka hapo" na kumaliza mwenyewe. Ana haki, kwani kiwele hakingoji mafunzo. Lakini gharama yake imepimwa. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakiongozwa na Julia Leonard, walionyesha kwamba watoto wa miezi 13 hadi 18 waliomwona mtu mzima akihangaika kabla ya kufanikiwa walijaribu mara nyingi zaidi kifaa kigumu walichopewa kuliko wale waliomwona akifaulu bila taabu. Baadaye Leonard na wenzake wakaona upande wa pili: watoto wa miaka minne na mitano ambao mtu mzima aliwapokonya fumbo gumu akalimaliza yeye, walikata tamaa mapema walipopewa kazi iliyofuata. Bomani suluhisho si gumu. Mtoto akame chuchu moja na mzazi akame tatu, waanze pamoja na wamalize pamoja. Mwezi ujao zigawanywe mbili kwa mbili. Ng'ombe hapati madhara na mtoto hakufukuzwa kazini.

Matokeo yale ya 2017 yana ncha nyingine inayotuchoma. Mtoto alisukumwa na taabu aliyoiona ikiendelea mbele ya macho yake. Waswahili walikwisha kusema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, na kisogo hakionekani kama mama hayupo. Katika miji yetu kazi imehamia mahali mtoto asipopaona. Mama anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha anapanda basi kabla ya mapambazuko na kurudi magharibi; kinachomfikia mtoto ni miguu iliyovimba na hasira kidogo. Baba mlinzi wa usiku mjini Nakuru anajulikana na wanawe kama mtu anayelala mchana, na msipige kelele. Mwendesha bodaboda wa Kondele, Kisumu, huonekana akiwa ameketi juu ya pikipiki akisubiri. Ukiwaambia watoto hawa kwamba wazazi wao wana bidii wataitikia kwa adabu, wasiwe na picha yoyote kichwani. Halafu tunawaita wavivu.

Shamba la maua halimpokei mtoto, na ni heri, kwa sababu ya kemikali. Ila tatizo la kazi linaweza kuja nyumbani hata kama kazi yenyewe haiji. Waridi hupangwa kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50, 60, na shada lenye shina moja lililopinda au jani lenye madoa linaweza kurudishwa lote. Mama anayechukua vijiti vya kuni jioni akamwambia mwanawe avipange kwa urefu, kumi kumi, bila hata kimoja kilichotofautiana, huku akieleza jinsi macho yanavyochoka ifikapo saa nane mchana na makosa yanavyoanzia hapo, amekileta kisogo chake nyumbani. Dakika kumi zinatosha.

Mtaala wenyewe ulitamani jambo kama hili. Umeandika uwajibikaji miongoni mwa maadili yake na kumtaja mzazi kama mshirika. Kilichotokea kila mtu anakikumbuka: mwaka 2021 mitandao ilijaa picha za sanamu za kutishia ndege zilizotengenezwa na akina baba usiku, mtoto akiwa amelala, kesho yake mwalimu akatoa alama. Lawama ziliangukia mtaala. Kwa kiasi ilikuwa haki, kwa sababu sanamu isiyosimama katika shamba lolote haimzuii ndege yeyote, na mtoto anaijua kazi ya bandia hata kama hawezi kuisema. Lakini mzazi aliyekesha akiitengeneza peke yake alifanya lilelile la "Toka hapo".

Mahindi hufunza jambo ambalo ng'ombe hafunzi, nalo ni kungoja jibu. Chukua ekari moja Bungoma au Kakamega, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 50, mbegu mbili kila shimo. Hayo ni mashimo kama 10,800. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 5 za mbolea ya kupandia, hivyo mfuko mmoja wa kilo 50 unakaribia kutosha kabisa. Kifuniko kikijazwa mpaka kikafanya kichuguu, mfuko unaisha kabla ya shamba. Mbolea hutangulia, hufunikwa udongo kidogo, kisha mbegu. Zikigusana, mbegu huungua. Kina ni sentimita tano hivi. Asubuhi mtoto anafanya yote haya barabara. Kufikia saa tisa alasiri kamba inalegea, udongo wa kutenganisha unasahaulika, mbegu zinaanguka tatu hapa na moja pale. Hakuna anayeona, mpaka siku ya nane au ya kumi mahindi yanapochomoza na mistari ya jioni ikajitangaza yenyewe: mapengo, vichaka, na miche iliyoungua ncha. Mzazi mwerevu humtembeza mtoto hapo bila kusema neno. Kuchapa kunaharibu somo, maana hapo mtoto huacha kutazama mche na kuanza kuitazama fimbo.

Na mtoto wa kutwa huyaona haya yote mpaka mwisho, hadi mahindi yanapokauka na kupimwa kwa chupa ya chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, punje hadi theluthi, itikiswe kwa dakika mbili tatu kisha iachwe robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na hayaendi ghalani, la sivyo ukungu na sumu yake vitaingia. Wa bweni hurudi Aprili akakuta kupanda kumekwisha, akapalilia, akaondoka. Anashika jembe la katikati tu. Haoni mwanzo wala jibu. Basi ule mwaka wa Gredi ya 9 ulikuwa msimu mzima zaidi, tangu kutifua hadi ghalani, mikononi mwa kijana wa miaka 14 au 15, umri unaofaa kabisa kwa daftari na kamba.

Wapo wanaopinga, nao hawalingani kwa uzito. Walio dhaifu zaidi ndio wenye sauti kubwa zaidi: "Sisi tuliteseka, ndiyo maana tunafanya kazi." Hoja hii huwahesabu waliofika tu. Katika boma lilelile, chini ya fimbo ileile, kuna ndugu aliyekuwa mkulima hodari na mwingine aliyeapa kutogusa jembe tena akatorokea mjini. Huyo wa pili haalikwi kutoa ushahidi. Ukimchunguza yule wa kwanza utakuta kulikuwa na shangazi, babu au baba aliyemweka karibu na kumwachia jambo. Mateso yalikuwepo, na yanapewa sifa isiyo yao. Kibaya zaidi, mateso tumeyavalisha nguo za kazi. Shuleni mchelewaji hupewa fyekeo, nyumbani mkaidi hutumwa kung'oa kisiki. Miaka kumi na miwili tunamwonyesha mtoto kwamba kulima ni adhabu, halafu tunamtaka akipende kilimo.

Watetezi wa haki za watoto wana hoja yenye mifupa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inamkinga mtoto dhidi ya kazi hatari na ya kinyonyaji. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na kwa wa kati ya 13 na 16 inakubali kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kuzuia masomo. Mama mwenye ng'ombe wawili hajaajiri mtu, lakini vigezo hivyo vinamfaa naye. Je, mtoto amelala vya kutosha? Atafika shuleni kwa wakati, akiwa macho? Kuna kinachoweza kumkata, kumzamisha au kumpa sumu? Kwa kipimo hicho, kuvua omena ziwani usiku, kuchimba mchanga, kukata miwa na kupuliza dawa si malezi hata yakifanywa na familia nzima. Kijana aliyekesha na taa majini akasinzia darasani ni kibarua asiyelipwa, hata akisifiwa kwa bidii yake. Napingana na watetezi hawa pale tu wanapoifanya kila ndoo kuwa dhuluma, kwa sababu mtoto asiyepewa kitu chochote cha kweli cha kufanya amenyimwa pia.

Tena wametuonyesha aibu yetu nyingine. Katika nyumba nyingi, "kumfunza mtoto kazi" maana yake ni kumfunza msichana. Yeye yuko jikoni na kisimani, kaka yake yuko uwanjani. Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kuhusu jamii moja ya Waluo ambako wavulana kadhaa walipewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za kike. Aliona kwamba hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi kama wenzao. Na katika miaka ya 1950, Nyansongo kule Gusii ilikuwa mojawapo ya jamii sita zilizolinganishwa na timu ya wanaanthropolojia John na Beatrice Whiting. Akina mama wa pale, wakiwa wameelemewa na shamba, waliwapa hata wadogo majukumu ya kweli, na watoto wao walijitokeza kwa kuwajali wengine na kuwajibika. Watoto hao hawakupewa zoezi. Walihitajiwa, na walilijua hilo.

Hoja inayonisumbua ni ya tatu: bidii haina malipo. Kijana wa Mumias alimwona babake akipalilia miwa miezi 18, akaona lori likiipakia, kisha akaona malipo yasiyofika, mpaka kampuni yenyewe ya sukari ikawekwa mwaka 2019 chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaoidai. Huyo amefunzwa nini kuhusu kazi? Siwezi kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba babake hakujitahidi vya kutosha, na anayemwambia hivyo hana haya. Ila hapa ndipo ninapoona kwa nini jasho bila hesabu ni nusu ya elimu. Mtoto aliyeonyeshwa jasho pekee hana njia ya kutofautisha kazi isiyolipa na kazi inayochelewa kulipa, na mwishowe huzikimbia zote mbili.

Tazama mama wa samaki wa kukaanga, Kisumu. Tuseme amenunua ngege 20 kwa shilingi 200 mmoja, jumla 4,000, akawauza 300 mmoja, akashika 6,000. Mtoto anayepita jioni anaona noti na kunyimwa soda, akahitimisha kwamba mama ni mchoyo. Haoni mafuta 700, makaa 250, usafiri 200 na ushuru wa soko 50. Zimebaki 800. Sasa weka kosa moja: samaki wamekatwa chale na kutumbukizwa wakiwa bado na maji, mafuta hayajapata moto. Wanashika karai, wawili wanavunjika, wanauzwa nusu bei, zimekwenda 300. Faida ya kutwa ni 500. Kumwacha samaki anyauke juani kwanza na kungoja mafuta yatulie kunageuka kutoka amri ya mama hadi shilingi 300 zinazoonekana. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo mara kumi atajua siku ambayo samaki wamepanda bei hadi 240 kwamba heri kubaki nyumbani, na kubaki nyumbani siku hiyo ni sehemu ya bidii. Babake yule wa Mumias angemketisha na risiti zake, akamweleza kwa nini anang'oa miwa nusu ekari na kupanda maharagwe, angekuwa amemfunza kitu ambacho hata kampuni ikifa hakifi.

Haya yote yanaugeuza wajibu wa likizo. Kijana wa Gredi ya 10 atakayerudi Aprili atakuta mahindi ya Machi yanakaribia magoti. Asitumwe tu "nenda shamba". Kwa kuwa viwavijeshi wapo nasi tangu 2017, apewe ukaguzi: atembee shambani kwa umbo la herufi W, asimame mara tano, kila kituo akague mimea kumi, afunue majani ya katikati atafute matundu na kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Aandike. Wakati mahindi bado machanga, ikipatikana zaidi ya mimea 10 iliyoshambuliwa kati ya 50, dawa inanunuliwa, na anayepuliza ni mtu mzima. Ikiwa michache kuliko hapo, pesa inabaki mfukoni, na uamuzi huo utatokana na karatasi yake. Mbolea ya kukuzia aiweke mwenyewe, kifuniko kimoja kila shimo, sentimita kumi au zaidi kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu na majani yakiwa makavu, maana chembe zikinasa katikati ya majani huyachoma. Achaguliwe mistari mitano ya kwake, ikiwemo miwili ile iliyopandwa jioni na ndugu zake wadogo. Agosti mistari hiyo, kama imekomaa, ivunwe kando, ipukuchuliwe kando, ipimwe kwa gorogoro, na idadi iandikwe chini ya zile hesabu zake za Aprili.